Sisi wa Kiwandani

Kwenye beji wameniandika Stanley.
Mimi ni Stamili, binti Ngatunga, wa Mtoni kwa Aziz Ali,
ila beji ilichapwa Uturuki, na huko
kompyuta iliamua yenyewe.
Nikaivaa. Siku kumi ni siku kumi.

Bwana Erdem alikuwa aje. Hakuja:
mara viza, mara mkewe kajifungua.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema.
Sasa mgeni kabaki kwao
na mwenyeji kasimama Sabasaba,
banda la pili kutoka vyooni,
pamoja na mashine ya kusaga ya kijani cha tikiti
na magunia mawili ya mahindi ya maonesho.

Kwa simu alinifunza neno moja tu: sema "sisi".
Sisi tuna miaka hamsini katika fani.
Sisi nyundo zetu hazishiki kutu.
Nikasema sisi mpaka koo likakauka,
sisi ambao sijawahi kunywa nao hata chai,
sisi wenye theluji, na mimi
Julai hii ya Dar, yenye upepo kidogo tu,
tayari nimejifunga kanga mabegani.

Wanafunzi walibeba vipeperushi kwa mafungu.
Jioni nikavikuta getini, Barabara ya Kilwa,
vimesokotwa pembe, vimejaa karanga.
Nikanunua za mia mbili.
Picha ya kiwanda ilikuwa imeloa mafuta.

Spika ilitangaza mtoto aliyepotea,
fulana nyekundu, kiatu kimoja,
anasema mama yake anaitwa Mama.
Kijana wa suti aliuliza kama tunatoa ajira.
Mwingine alipiga picha na mashine, mkono begani pake,
kama shemeji.

Siku ya sita akaja Bi Tausi Mkumbaru wa Mbagala,
na wenzake wanne wa kikoba.
Hakuuliza bei. Aliinama
akaichungulia tumboni
kama anayekagua meno ya mbuzi wa mkopo.
"Chekeche likitoboka, nampigia nani?"

Nikafungua kitabu. Ukurasa wa arobaini,
namba ndefu kama treni ya mizigo.
Saa zao na zetu ni zilezile, nilishauliza;
lugha ndiyo usiku wa manane.
"Nampigia nani, mwanangu?"
Nikaigeukia ile sisi, nikaikuta imeshatoka
kwa mlango wa nyuma.

Baba alisaga Tandika miaka kumi na tisa.
Alistaafu na vidole vinane
na hakumlaumu mtu, mkanda haukuwa na jicho.
Nalijua chekeche kwa kuligusa.
Najua mkanda unaolia na mkanda unaodeka.
Hilo halimo kwenye beji.

Nikachukua kalamu,
nikaandika namba yangu juu ya nembo yao.

Siku ya kumi tukavunja banda.
Ujumbe ukaingia: Ahsante, Stanley, umeuza tatu,
malipo yako wiki ijayo.
Wiki ijayo. Nimeusikia mji huo,
wanaosafiri kwenda huko ni wengi,
sijaona aliyerudi na zawadi.

Masika.
Mvua inapiga bati, simu inapiga juu ya stuli,
saa kumi na moja alfajiri.
"Haloo, ni kiwanda?"
Nyuma ya sauti yake nasikia akina mama kwenye foleni,
ndoo zikigongana,
na chuma kikikwaruza chuma mahali ambapo hakipaswi.

Maji ya uani yamefika ngazi ya pili.
Napapasa uvunguni, spana namba kumi na saba,
tochi, mfuko wa rambo wa kuvaa kichwani.

"Naam, kiwanda," nasema.
"Zimeni. Msiiguse. Nakuja."